Paa la Dani Lilijua Kitu Ambacho Mabati Hayajui

Wasee, wiki ya kwanza nilipohamia kwenye simba yangu, simu ilijizima yenyewe. Saa nane mchana, chaji bado iko juu. Iliniandikia tu kwamba imepata joto kupita kiasi, ikalala. Na nilikuwa katikati ya kurekodi. Nikatoka nje nimeloa jasho kama mtu ametoka kuogelea ziwani, nikaketi chini ya mwembe. Dani, nyanya yangu, alikuwa hapo anachambua omena. Aliniangalia, akaangalia mabati yangu yanavyometa, akasema, "Nyakwara, si nilikwambia? Umejijengea sufuria, halafu ukaingia ndani ukajifunika."

Kabla mtu wa Mombasa aniulize nalala na mnyama gani: kwa Wajaluo, simba ni nyumba ndogo ya kijana wa kiume ndani ya boma la wazazi. Hujengwa upande wa lango, mbali kidogo na nyumba ya mama, na kijana hukaa humo mpaka siku atakayotoka kuanzisha boma lake. Yangu iko Ndhiwa, Homa Bay, si mbali na mpaka wa Migori. Niliacha chuo mwaka wa pili. Pesa ya karo ya muhula uliofuata ndiyo ilinunua hayo mabati, na mama bado hajaizoea hiyo hesabu. Kwa hivyo kama siwezi kufanya kazi ndani ya hiyo nyumba, si joto tu. Ni mpango wangu wote umeiva vibaya.

Basi nikaanza kutafuta jinsi ya kuzuia joto kwa pesa kidogo, na nikajikuta nasoma historia. Hii hapa.

Mawe yanabaki, paa linaoza

Ukitaka kujua watu wa huku wamejenga kwa muda gani, nenda Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Ni boma la mawe yaliyopangwa bila saruji, bila udongo wa kushikanisha. Kuta zina kimo cha mita moja na nusu hadi nne na nusu, na unene wa mita moja hadi tatu. UNESCO waliliweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018, na wanasema yaelekea lilijengwa karne ya 16. Jamii mbalimbali ziliishi hapo kwa zamu, moja ikihama nyingine inaingia na kutengeneza kuta, hadi karne ya 20.

Nilienda nikapiga picha kama kila mtu. Nikainama kupita kwenye lango, maana liliachwa fupi makusudi ili adui asiingie akiwa amesimama wima. Lakini ukishaingia, kuna kitu kinakosekana: nyumba. Zimebaki alama tu ardhini za mahali ziliposimama. Watu hawakulala kwenye ukuta, walilala chini ya nyasi, na nyasi zilishaoza zamani. Ndiyo maana historia tunayofundishwa ni ya mawe, ilhali maisha yenyewe yalikuwa chini ya paa.

Na hilo paa lilikuwa na akili. Nyasi hazina uchawi wowote, kinachofanya kazi ni hewa. Ndani ya kila bua kuna hewa, na kati ya bua na bua kuna hewa iliyokwama, haiendi popote. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Sweta ni hivyo, blanketi ni hivyo, manyoya ya kuku ni hivyo. Hata wenzetu wa nchi za baridi wakijaza sufi ya kioo ndani ya kuta na kwenye stoo zao za nje, wananunua hewa iliyokwama. Wao wanazuia joto lisitoke, sisi tunazuia lisiingie.

Sasa linganisha na bati langu la geji 30. Halifiki hata nusu milimita. Jua linalipiga juu, nalo linapasha kichwa changu chini. Hakuna kitu katikati.

Walihesabu paa kabla ya kuhesabu watu

Bati la mikunjo si la jana. Mhandisi Mwingereza, Henry Robinson Palmer, alilisajili London mwaka wa 1829. Mwaka wa 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akasajili mbinu ya kulipaka zinki ili lisishike kutu. Baada ya hapo likasambaa kila mahali ukoloni ulipofika, kwa sababu ni jepesi, linapangana kwenye meli, na mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuliezeka.

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na meli za ziwani zikawa zinapeleka mizigo upande wetu wa kusini, kwenye gati kama za Kendu Bay na Homa Bay. Mwaka huohuo wa 1901, serikali ya kikoloni ilitangaza kodi ya nyumba. Na hapa ndipo inakuwa noma: hesabu ilikuwa kwa kibanda, si kwa mtu. Boma lenye nyumba ya mke mmoja na boma lenye nyumba za wake watatu hayakulipa sawa. Mwaka wa 1910 wakaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume ambao hawakuwa na nyumba ya kulipia, kwa hivyo hata kujificha kwa mamako hakukusaidia. Kodi hiyo ilikuwa moja ya malalamiko makubwa ya vuguvugu la Piny Owacho mwaka wa 1921.

Nikiifikiria, naona paa likibadilika maana. Zamani lilikuwa swali la mvua na jua. Ghafla likawa swali la pesa na cheo. Wenye mabati walikuwa ofisi ya serikali, misheni na maduka. Wenye nyasi walikuwa wanaolipa kodi. Ungekuwa wewe, ungetaka kuonekana upande gani?

Lakini usinidanganye kuhusu nyasi

Hapa nilikuwa nimeshaandika video yangu kichwani: nyasi nzuri, mabati mabaya, turudi kwa mababu, piga makofi. Nikamwendea Dani na simu nimrekodi akisifu nyasi. Akanikataza.

"Wewe hujawahi kuamka usiku kusogeza kitanda cha mtoto kwa sababu paa linavuja," akasema. "Hujawahi kwenda kukata nyasi ukakuta ng'ombe wamemaliza. Nyasi zimenila miaka yangu." Akanihesabia: kila baada ya miaka michache unaezeka upya, panya ni wako, cheche moja ya jiko na umebaki na kuta. Na maji ya mvua ya paa la nyasi huwezi kunywa. Bati la kwanza aliloweka, alilipata kupitia chama cha akina mama, zamu kwa zamu. Siku lilipoezekwa, anasema, alilala akisikiliza mvua kwa raha kwa sababu ilikuwa inabisha hodi tu, haiingii.

Na hakuwa peke yake. Miaka ya 1960 na 70, akina mama wa Kenya ya kati walikuwa na vikundi vilivyoitwa kabisa vikundi vya mabati: wanachanga, wanaezekea mmoja, wanahamia kwa mwingine. Kiwanda cha Mabati Rolling Mills nacho kilianzishwa mwaka wa 1962. Hakuna mzungu aliyewalazimisha hao akina mama. Walichoka kubeba nyasi. Leo, kwa sensa ya 2019, karibu nyumba nane kwa kila kumi Kenya zina paa la mabati.

Kwa hivyo mabati yalishinda, na yalistahili. Shida yangu ni moja: tulipobadilisha, tulitupa kazi mbili za nyasi kwa pamoja. Nyasi zilikuwa zinazuia mvua na zinazuia joto. Bati lilichukua kazi ya kwanza. Ya pili haikupewa mtu.

Ya bure iliyonigharimu usingizi

Fundi wangu alikuwa na jibu. "Omera, kuna shule inabomoa nyumba za zamani za walimu. Kuna yale mabamba ya kijivu, mazito. Hayapitishi joto, mvua ikinyesha husikii. Na ni bure." Shule siitaji. Tukaleta mawili kwa pikipiki tuyapange chini ya mabati kama dari. Moja lilikuwa refu, fundi akalikata kwa msumeno. Vumbi jeupe likaruka. Kaka yangu mdogo, ana miaka tisa, akachukua ufagio akafagia, kwa sababu ni mtoto mzuri.

Jioni nikatafuta picha ya lile bamba kwenye simu. Ilikuwa asbesto.

Ngoja nieleze, kwa sababu wengi wetu tumesoma chini ya hayo mapaa. Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba sana. Haiungui, haishiki kutu, inazuia joto, na ilikuwa rahisi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ndiyo ilikuwa kila kitu: nchi za baridi waliifungia kwenye mabomba ya maji moto na kuijaza kwenye kuta, na huku Kenya ikachanganywa na saruji kuezekea nyumba za serikali, shule na hospitali. Na kweli, ni tulivu na baridi kuliko bati. Fundi hakunidanganya kuhusu hilo.

Shida ni zile nyuzi zikipumuliwa. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani: ya mapafu, na ile ya utando unaozunguka mapafu. Na ugonjwa hauji kesho. Unaweza kukaa miaka ishirini, thelathini, hata arobaini kabla ujitokeze. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka wa 1999. Kenya, kanuni za taka za mwaka wa 2006 ziliiweka kwenye orodha ya taka hatari. Huruhusiwi kuibomoa unavyotaka wala kuigawa bure kwa majirani.

Bamba likiwa zima, halijavunjika, hatari yake ni ndogo. Ukilikata, ukilisugua, ukilifagia likiwa kavu, ndipo unaachilia nyuzi. Yaani tulifanya kila kitu ambacho hakifai kufanywa, katika alasiri moja. Najua vumbi la siku moja si sawa na la mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka kumi, hatari huongezeka kadiri unavyopumua zaidi. Najiambia hivyo. Lakini hakuna kiwango ambacho wataalamu wanasema hapa sasa ni salama, na kaka yangu atakuwa na miaka hamsini kabla niache kuhesabu.

Tulilowesha vipande na vumbi kwa maji, tukavifunga ndani ya nailoni nzito mara mbili, tukaandika onyo juu, tukavihifadhi mbali na watoto hadi achukue mtu mwenye leseni. NEMA ndio wanaosimamia hilo. Nguo tulizovaa tulizifunga pamoja navyo. Fundi alicheka mwanzoni. Nilipomwonyesha picha za mapafu akanyamaza, akaniambia ameshakata hayo mabamba tangu akiwa kijana.

Na ile nyeupe ya kwenye boksi la TV

Wazo la pili lilikuwa kukusanya ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja na TV na friji, polisterini, niijaze juu. Nayo imejaa hewa iliyokwama, inazuia joto vizuri. Lakini inashika moto haraka, inadondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni mweusi wa kuua. Na juu ya dari ya simba ndipo nyaya za stima zinapita.

Kama unafikiri hizo ni stori za mtu maskini, kumbuka Grenfell, London, Juni 2017. Jengo la ghorofa 24 lilikuwa limefanyiwa ukarabati, likavalishwa nje ili, pamoja na mambo mengine, lihifadhi joto vizuri. Nje mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, nyuma yake sponji ngumu ya kuzuia joto. Moto ulianzia kwenye jikoni moja ukapanda ukuta mzima. Watu 72 walikufa. Wakati wa kuchagua kifaa, swali lilikuwa bei na joto, na swali la moto halikuulizwa kwa uzito uliotakiwa.

Hapo nikajiandikia maswali matatu ukutani, na sasa kila kitu kinachokuja juu ya kichwa changu nakiuliza: kwenye joto kinafanya nini? Kwenye moto kinafanya nini? Kwenye mapafu kinafanya nini? Bei inakuja ya nne.

Jibu lilikuwa juu ya kitanda chake

Nyumba kubwa ya Dani ni ya mabati. Lakini ukiingia chumbani kwake, juu kuna mikeka ya mafunjo, yale matete ya ziwani tunayoyaita togo, imefungwa kwa waya kwenye mbao za paa. Iko hapo tangu nikiwa mtoto. Sisi wajukuu tulikuwa tunaicheka. Tulifikiri ni umaskini, kwamba amekosa pesa ya dari akaficha mabati kwa mikeka.

Mafunjo ukiyakata uangalie ndani, ni sponji ya asili: vijumba vidogo vimejaa hewa. Mama mzee, bila kwenda chuo alichokiacha mjukuu wake, alichukua kazi ya pili ya nyasi akairudisha chini ya bati.

Na kuna zaidi. Mwaka wa 2009 watafiti walichapisha matokeo kutoka eneo la kilimo cha mpunga magharibi mwa Kenya: waliweka dari za mikeka ya mafunjo kwenye nyumba za watu, na mbu wa malaria waliopatikana ndani walipungua kwa zaidi ya robo tatu, kwa sababu mbu hupenda kupitia pale juu ukuta unapokutana na paa. Kwetu, malaria si stori ya kitabuni, hiyo ni faida kubwa.

Ila kuna mtego. Utafiti mwingine wa Gambia, uliotoka 2019, ulionyesha mbu hufa zaidi kwenye nyumba za mabati kwa sababu ya joto la mchana. Kwa hivyo ukipoza nyumba na kuacha matundu wazi, hata mbu watakushukuru. Poza, lakini ziba kwa wavu, na neti iendelee kukaa kitandani.

Hivi ndivyo nilifanya:

Kwanza, nilipaka mabati rangi nyeupe juu. Rangi nyeupe inarudisha jua. Jiji la Ahmedabad, India, lina mpango wa kupaka mapaa hivyo tangu 2017.

Pili, nilinunua mikeka ya mafunjo soko la Sori, mikavu kabisa, nikaipanga tabaka mbili, nikiacha nafasi ya kama kiganja kati yake na bati. Usiibane kwenye bati. Bati hutoka jasho usiku, na mkeka ukilowa utaoza.

Tatu, niliacha matundu pande mbili za juu ili hewa moto itoke, nikayaziba kwa wavu wa waya.

Nne, nyaya zote za stima nilizipitisha ndani ya mabomba, na hakuna jiko, mshumaa wala koroboi ndani ya simba. Mikeka inaungua, tusidanganyane. Imepita swali la joto na la mapafu, lakini la moto imepita kwa masharti. Kwa jikoni singeiweka.

Mikeka, nauli, waya, mabomba na rangi, vyote pamoja havikufika nusu ya bei niliyotajiwa ya dari ya jipsamu.

Bado kuna joto saa nane. Si hoteli. Lakini simu haijazima tena, na mvua ikinyesha naweza kurekodi.

Kitu kimoja kinanikera. Huko Louisiana, Marekani, tangu miaka ya 1920 walikuwa wanatengeneza mbao laini za dari kutokana na makapi ya miwa. Awendo, hapa Migori, kuna kiwanda cha sukari tangu 1979, na makapi tunayajua kama kitu cha kuchoma. Tuna mafunjo, tuna makapi, tuna jua la kutosha kumfundisha mtu yeyote. Halafu tunangoja dari itoke mbali kwa kontena.

Jumapili iliyopita Dani aliingia kwenye simba kwa mara ya kwanza. Aliangalia juu kwa muda mrefu, akagusa mkeka kwa ncha ya bakora yake, akaniambia nimefunga waya vibaya upande wa dirisha. Kisha akaketi kwenye kiti changu cha kurekodia, na kabla sijamaliza kuweka simu sawa, akasinzia. Ile video mliyouliza ni nini kinakoroma nyuma, ni yeye.

Na kama shule uliyosoma bado ina yale mapaa ya kijivu, usipande, usitoboe, usichukue kipande kikidondoka. Mwambie mwalimu mkuu. Halafu niambie iko wapi.